Panadol au Brufen, ORS au Flagyl: kumchagulia mtoto dawa Kisumu

Dawa nyingi za watoto zinazonunuliwa kwenye kemisti za Kisumu haziui ugonjwa. Zinashusha joto, zinatuliza maumivu, zinafungua kifua au zinarudisha maji yaliyopotea, huku mwili wenyewe ukipambana. Zinazoua kinachosababisha ugonjwa ni chache, na kila moja inaua aina yake tu. Ndiyo maana mzazi akifika kwenye kaunta Kondele au Nyalenda na kusema, “Daktari, nipe ile kali, mtoto anachemka,” mimi huanza na maswali kabla sijagusa rafu. Ukali hauna maana mpaka tujue dawa inaenda kufanya nini mwilini. Hapa nazilinganisha zile zinazochanganywa zaidi, jinsi zinavyoulizwa dukani.

Panadol au Brufen?

Panadol na Calpol ni majina ya biashara ya parasetamoli. Brufen ni ibuprofeni. Chupa zina majina mengi, kwa hiyo soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo dawa yenyewe imetajwa.

Mtoto akipata maambukizi, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Zikifika kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia joto, ubongo hupandisha kiwango: badala ya nyuzi 37 sasa unataka 39. Mtoto hutetemeka na kuhisi baridi ilhali ngozi yake inaunguza mkono wako, kwa sababu mwili bado unapanda kufikia kiwango kipya. Dawa zote mbili hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, na kiwango kinashuka. Zinachotofautiana ni mahali zinapofanyia kazi. Parasetamoli hufanya kazi zaidi ndani ya ubongo, hivyo inashusha joto na kutuliza maumivu, lakini uvimbe inaugusa kidogo tu. Ibuprofeni hufanya kazi mwili mzima, na kwa hiyo inapunguza uvimbe pia: koo lililovimba, sikio linalouma, ufizi, mguu ulioteguka.

Faida hiyo ina gharama. Prostaglandini hazifanyi kazi ya kuleta joto peke yake. Tumboni zinalinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na kwenye figo zinaacha mishipa wazi ili damu ifike hata pale mwili umepungukiwa na maji. Mtoto anayeendesha na kutapika anazitegemea kuliko siku nyingine yoyote, nawe ukimpa ibuprofeni unamnyang’anya. Kwa hiyo mtoto anayeharisha, anayetapika au anayekataa kunywa, mpe parasetamoli. Mwenye tetekuwanga vilevile, kwa kuwa ibuprofeni imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi kwenye vidonda vile. Mtoto aliyewahi kubanwa na kifua baada ya kunywa ibuprofeni asipewe tena. Na mtoto wa chini ya miezi 3 asipewe ibuprofeni bila daktari. Tena kwa umri huo joto lenyewe linatosha kumpeleka hospitali, hata kama ni saa nane za usiku.

Zote mbili huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Parasetamoli hutolewa kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Ibuprofeni hukaa zaidi: kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi mara 3, na ni vizuri mtoto awe amekula kitu. Kwa mtoto mkubwa kidogo anayelia usiku kwa maumivu ya sikio, anayekunywa vizuri na aliyekula, mimi ningechagua ibuprofeni, kwa sababu itamfikisha mbali zaidi usiku ule. Kwa karibu kila hali nyingine ningeanza na parasetamoli. Ina mitego michache, lakini mtego wake mmoja ni mkubwa.

Mtego huo ni kipimo. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Chupa nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, basi kijiko kimoja cha dawa kinamtosha. Ila rafu hiyohiyo ina chupa zenye miligramu 250 katika mililita 5. Mtoto yuleyule akipewa kijiko kilekile kutoka chupa hii, amepewa zaidi ya mara mbili ya dawa aliyozoea. Ongeza dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani, wape kazi hiyo mama asubuhi na nyanya mchana bila kuambiana, na ini la mtoto linaanza kuumia kimyakimya. Siku ya kwanza huenda usione lolote. Ukigundua mtoto amezidishiwa, usingoje dalili. Nenda hospitali na chupa mkononi, kwa maana dawa ya kukabili sumu hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa ndani ya saa 8.

Wengi huuliza kama wanaweza kutoa zote mbili pamoja. Usizitoe kwa wakati mmoja. Kuna chupa zinazouzwa zikiwa tayari zimechanganya zote mbili, na mimi sizipendi, kwa sababu mzazi huongeza Panadol juu yake bila kujua. Lengo la dawa hizi ni mtoto atulie, anywe, alale. Mtoto mwenye nyuzi 38.5 anayecheza na kunyonya hahitaji chochote kutoka kwenye chupa. Wala hakuna kati ya hizi mbili inayozuia degedege la joto, ingawa wengi huzitoa kwa sababu hiyo. Kumfuta mtoto kwa maji baridi nako humfanya atetemeke zaidi. Mpunguzie nguo na umpe vinywaji.

Asprini haimo kwenye ulinganisho huu. Mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe, hata nusu kidonge kutoka kwenye mkoba wa babu, kwa kuwa inaweza kumletea ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

Dawa ya joto au dawa ya malaria?

Hapa ndipo Kisumu inapotofautiana na Nakuru. Kaunti zinazozunguka ziwa zina malaria mwaka mzima. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na hatari ya kuambukizwa kule ni ndogo sana. Mtoto wa Nakuru akichemka, mawazo ya kwanza huenda kwenye mafua, sikio, koo au mkojo. Mtoto wa Ahero au Dunga akichemka, cha kwanza ni kumpima malaria, hata kama anakohoa.

Vimelea vya malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, vinaongezeka humo, kisha vinazipasua na kuingia nyingine. Joto hupanda chembe hizo zinapopasuka. Parasetamoli ikishusha joto hilo, kupasuka kwa chembe kunaendelea vilevile. Kuna wazazi ambao kwa nia njema kabisa huahirisha kupima kwa kuwa “alipoa baada ya Panadol.” Kupoa kwa mtoto baada ya Panadol hakuthibitishi kwamba hana malaria, na kutopoa hakuthibitishi kwamba anayo. Kipimo cha haraka cha tone la damu huchukua kama dakika 15 hadi 20, na hupatikana kwenye zahanati na kwa baadhi ya wahudumu wa afya ya jamii mtaani.

Ikiwa ni malaria isiyo kali, dawa ni AL, ambayo wengi huiita Coartem. Ndani yake mna dawa mbili zenye tabia tofauti. Artemetha hupiga haraka na kuua vimelea wengi ndani ya muda mfupi, kisha hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini ni ya polepole, hubaki siku kadhaa na kumalizia waliojificha. Ukikatiza dozi siku ya pili kwa sababu mtoto ameanza kucheza, umeruhusu wale wa mwisho waishi. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge kimoja kwa mara, wa kilo 15 hadi chini ya 25 viwili. Kipimo cha pili ni saa 8 baada ya cha kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla vipimo sita. Lumefantrini huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta, kwa hiyo mpe pamoja na maziwa, titi, avokado au omena ya kukaanga. Kwa watoto wadogo omba vile vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji. Akitapika punde tu baada ya kumeza, rudi upewe kipimo kingine badala ya kuruka.

Je, sindano si bora? Swali hili naulizwa karibu kila siku, na naelewa linapotoka: mtoto anatapika, mama ana hofu, sindano inaonekana kuwa na uhakika. Sindano ya artesuneti ni dawa ya malaria kali: mtoto aliyepata degedege, asiyeweza kunywa wala kunyonya, aliyelegea au kupoteza fahamu, anayepumua kwa shida, au aliyeishiwa damu. Hutolewa hospitalini angalau mara tatu ndani ya saa 24, kisha mtoto akiweza kumeza humaliza kwa dozi kamili ya AL. Sindano moja ya mtaani bila AL baadaye huacha kazi nusu, kwa kuwa artesuneti nayo hutoka mwilini haraka.

Kati ya artesuneti na kwinini, dawa ya zamani ya malaria kali, swali la ipi bora lilishaamuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ukiwa na watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali, ulionyesha kwamba kati ya waliopewa kwinini asilimia 10.9 walifariki, na kati ya waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Kwinini hubaki kama akiba pale artesuneti inapokosekana.

Kuhusu safari. Watoto wengi wa Nakuru huletwa kwa nyanya zao Nyando au Seme likizo ya Desemba. Hawana kinga waliyo nayo binamu zao waliokulia hapa, hivyo malaria huwalemea haraka zaidi. Na kwa kuwa ugonjwa hujitokeza takriban wiki moja au mbili baada ya kuumwa na mbu, wengi huanza kuchemka wakiwa wamesharudi nyumbani, mbele ya daktari ambaye hana sababu ya kuwaza malaria. Mwambie mlitoka wapi kabla hajauliza.

Mtoto aliyepata chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa Homa Bay mwaka 2019 na ikafika kaunti nyingine za ziwa, bado apimwe akichemka. Chanjo hupunguza ugonjwa mkali lakini haiufungi mlango wote. Na mtoto aliyemaliza AL wiki mbili zilizopita anaweza kusoma “positivu” kwenye kipimo cha haraka ingawa vimelea wamekufa, kwa kuwa kipimo hicho hutafuta protini yao ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Huyo apimwe kwa darubini.

ORS na zinki, au Flagyl?

Kwa bei Flagyl ya maji (antibayotiki iitwayo metronidazoli) na pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji) havitofautiani kwa kiasi cha kumtia mtu hofu. Kinachofanya Flagyl ipendwe ni imani kwamba ORS ni maji tu na Flagyl ndiyo dawa. Ukweli ni kinyume kwa watoto wengi.

Kuhara kwa watoto wadogo mara nyingi husababishwa na virusi, na Flagyl haiui virusi. Inaua ameba, giardia na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Hata kinyesi chenye damu, ambacho ndicho humtisha mzazi zaidi, kwa watoto mara nyingi huletwa na bakteria wa shigela, ambao Flagyl haiwagusi. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu, na kwa kawaida hupewa siprofloksasini. Zaidi ya hayo Flagyl huacha ladha chungu ya chuma mdomoni na kuleta kichefuchefu, na mtoto aliyekuwa anakunywa vizuri huanza kukataa kila kikombe. Kwangu hilo ndilo kosa lake kubwa: linamfungia mtoto njia ya tiba iliyokuwa inafanya kazi.

ORS hutumia mlango ambao ugonjwa hauufungi. Kwenye ukuta wa utumbo kuna njia inayoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, na vikiingia vyote viwili maji huvifuata. Hata wakati wa kuhara vibaya mlango huo bado unafanya kazi, mradi sukari na chumvi ziwe kwa uwiano unaofaa. Ndiyo maana soda na juisi hazichukui nafasi yake. Sukari yake ni nyingi mno na huvuta maji yaingie utumboni badala ya kutoka. Na ndiyo maana huwezi kukisia maji ya kuchanganyia: kuna pakiti za nusu lita na za lita moja, soma iliyo mkononi mwako. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika, ngoja kama dakika 10 uanze tena polepole. Kunyonya kuendelee.

Zinki haichukui nafasi ya maji. Inasaidia ukuta wa utumbo kupona na kinga kufanya kazi, inafupisha kuhara, na inapunguza uwezekano wa kuhara tena kwa miezi miwili mitatu inayofuata. Miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, 10 kwa mdogo zaidi, kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuhara siku ya tatu. Dawa za kufunga tumbo kama loperamidi zisitolewe kwa mtoto mdogo. Zinasimamisha utumbo, na uchafu unabaki ndani.

Macho yaliyozama, mkojo uliokauka, kulegea, au kuhara maji mengi mfululizo wakati mtaa una kipindupindu, kama Kisumu ilivyowahi kushuhudia, ni vya hospitali. ORS muendelee nayo njiani.

Amoksilini, Septrin au dawa ya kikohozi?

Kabla ya kuchagua, hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni haraka kupita kawaida na inaelekeza kwenye nimonia. Sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani anapovuta hewa, usije kemisti, nenda kituo cha afya.

Mtoto anayekohoa lakini anapumua kawaida, anayenyonya na kucheza, ana virusi karibu kila mara. Amoksilini haitamsaidia. Amoksilini huvuruga bakteria wanapojenga ukuta wao, nao hupasuka. Virusi hawana ukuta huo. Kwa nimonia inayotibiwa nyumbani ndiyo chaguo la kwanza, hutolewa mara mbili kwa siku kwa siku 5, na ningependa zaidi vidonge vya kuyeyusha kuliko chupa, kwa kuwa havihitaji friji na kipimo chake hakibadiliki. Septrin, antibayotiki iitwayo kotrimoksazoli, ilitumika sana zamani kwa kazi hiyo, lakini bakteria wengi wameizoea. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na virusi vya Ukimwi, anayepewa Septrin kila siku na kliniki, asiachishwe kwa sababu amepewa amoksilini. Ile inamkinga, hii inamtibu.

Dawa za kikohozi za maji ndizo ninazouza kwa moyo mzito. Nyingi zina dawa za mzio zinazomlaza mtoto, na mzazi huona usingizi huo kama nafuu. Yenye kodeini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 12, kwa sababu inaweza kumpunguzia pumzi. Mwaka 2022 Gambia ilipoteza watoto zaidi ya 60 walioharibika figo, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji zilizochafuliwa na sumu ya dayathilini glaikoli. Ukilinganisha faida ndogo ya chupa hizi na hatari kama hiyo, maji ya uvuguvugu yanashinda, na asali kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Kabla ya mwaka mmoja asali hapana.

Kifua kikilia kila mara mtoto anapokohoa, huenda njia za hewa zimebana. Salbutamoli huzilegeza. Ya kupuliza kupitia chombo cha plastiki huenda moja kwa moja kifuani na huhitaji kiasi kidogo, ilhali ya kunywa hupitia mwili mzima na kumfanya mtoto atetemeke na moyo umwende mbio. Ya kupuliza ni ghali siku ya kununua, lakini hudumu.

Kijiko au bomba?

Omba bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Vijiko vya nyumbani hupishana sana, na kwa mtoto wa kilo 6 tofauti hiyo ni dozi. Mwingizie dawa pembeni mwa shavu, kidogo kidogo, akiwa ameketi. Tikisa chupa kila mara kabla ya kupima, la sivyo mtoto hupata maji mwanzoni na dawa nzito mwishoni. Antibayotiki ya unga huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kwenye alama ya chupa, na ikishachanganywa hudumu siku 7 hadi 14 kulingana na lebo. Itakayobaki baada ya hapo irudishe kemisti, usimwekee mdogo wake.